Umri wa Nini? Jiwe la Uluguru na Tarehe Zake Nyingi



Barua tunayoijibu wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Ametuomba tulisitiri jina lake, nasi tumelisitiri. Anaeleza kwamba kijana wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alirudi nyumbani na jiwe aliloliokota ukingoni mwa Mto Morogoro. Lilikuwa jiwe jeusi lenye mistari ya kupindapinda, na mstari mmoja mnene mweupe ulikuwa umelikata kutoka upande huu hadi upande wa pili, ndani yake vipande vya ulanga vikimeremeta. Kijana akamwambia baba yake kwa furaha kwamba mawe ya Uluguru yana umri wa zaidi ya miaka milioni 600.

Baba akauliza: nani alikuwapo akahesabu? Kijana akafungua kitabu kimoja, akakuta kimeandika milioni 500. Akafungua kingine, kimeandika milioni 640. Baba akasema kwamba hata waongo hupatana kwanza kabla ya kusema, na akaamuru jiwe likatupwe. Mama hakulitupa. Analo kabatini, nyuma ya birauli. Anatuuliza kama amrudishie mwanawe jiwe lake, au kama kwa kufanya hivyo atakuwa amemvunjia heshima mumewe na kumvuruga mtoto. Kisha anamalizia kwa kusema kwamba tangu siku ile kijana haulizi tena kitu wakati wa chakula.

Tumeisoma barua hii mara mbili, na lililotushughulisha zaidi ni hilo la mwisho. Mtoto aliyenyamaza ni jambo zito kuliko umri wa mlima. Lakini hatuwezi kulitibu la mtoto bila kulijibu la mlima, kwa sababu maswali mawili ya baba ni maswali halali, na kijana hakupewa jibu la hata moja. La kwanza: nani alikuwapo? La pili: kwa nini tarehe zinapingana? Tuyachukue moja baada ya jingine.

Kuuliza nani alikuwapo si ukaidi. Wanazuoni wetu wa Hadithi waliishi kwa swali hilo. Hawakuipokea habari kwa kuwa ni tamu. Waliuliza imepokewa kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani, na je, walikutana? Basi na tuliulize jiwe vivyo hivyo. Shahidi wake ni nani, na ushahidi wake umefika kwetu kwa njia ipi?

Tuanze na ukuta wa nyumba. Chukulia nyumba ya babu iliyojengwa kwa matofali ya udongo. Siku moja msingi ukatitia na ukuta ukapata ufa. Fundi akaujaza ufa kwa saruji. Miaka ikapita, msingi ukatitia tena, na safari hii hata ile saruji ikapasuka. Fundi mwingine akaja akajaza ufa mpya, na saruji yake ingali nzima hadi leo. Wewe hukuwapo siku hata moja kati ya hizo. Hata hivyo ukiutazama ukuta huo utajua mambo matatu bila kuambiwa na mtu. Ukuta ni mkubwa kwa umri kuliko saruji zote mbili. Saruji iliyopasuka iliwekwa kabla ya mtitio wa mwisho. Saruji iliyo nzima iliwekwa baada yake. Kinachokata ni kipya kuliko kilichokatwa.

Milima husomwa hivyo hivyo. Chini sana ardhini, mawe yakipata joto la kutosha huyeyuka yakawa ujiuji wa moto. Ujiuji huo hupenya katika nyufa za miamba iliyoko juu yake, na mwingi hupoa humo humo na kuganda bila kuiona anga. Wataalamu huuita mwamba moto uliopenya. Graniti ni jamii yake. Pegmatiti, ule mwamba mweupe wenye punje kubwa na ulanga unaometa, nayo ni jamii yake. Mwamba uliopenya ndio saruji ya ukuta wetu. Ikiwa umekunjwa na kupindwa pamoja na miamba iliyouzunguka, basi ulipenya kabla ya nguvu zilizokunja milima kutulia. Ikiwa umekata moja kwa moja, umenyooka, haukukunjwa, basi ulipenya baada ya nguvu hizo kutulia. Anayezijua tarehe za miamba hiyo miwili amelibana tukio la kujengwa kwa mlima kati ya tarehe mbili, kama mtu aliyeshika kitu kati ya vidole viwili.

Jiwe la kijana wetu, kwa maelezo ya mama, linaonyesha mistari myeusi iliyopinda na mstari mweupe ulioikata. Kwa hiyo hata kabla ya kutaja namba yoyote, tayari lina habari mbili zenye mpangilio: kwanza kukunjwa, kisha kupenya. Habari hiyo haitegemei kitabu. Baba anaweza kuiona kwa macho yake.

Sasa namba. Turudi kwa fundi. Tungeijuaje tarehe ya saruji? Tuseme fundi aliangusha risiti ya duka la vifaa ndani ya ufa, ikazibwa humo. Ukibomoa kidogo ukaipata, umepata tarehe. Allah Amejaalia kwamba miamba mingi jamii ya graniti ina risiti ya aina hiyo. Inaitwa zirkoni. Ni punje ngumu za madini, nyingi hazizidi sehemu moja ya kumi ya milimita, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Zirkoni inapoganda kutoka katika ujiuji wa moto, huingiza ndani yake urani kidogo, lakini huikataa risasi; umbo lake halina nafasi ya kuipokea. Na urani haikai ilivyo. Polepole, kwa kasi isiyobadilika, hugeuka ikawa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa leo ndani ya zirkoni safi ni mtoto wa urani aliyezaliwa humo humo. Ukipima ni kiasi gani cha urani kimebaki na ni kiasi gani cha risasi kimepatikana, umejua punje ile iliganda lini.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa ilimu ya Hadithi atalipenda. Urani ni za aina mbili, na kila moja ina mwendo wake. Ya kwanza, yenye uzito wa 238, nusu yake hugeuka risasi kwa muda wa miaka bilioni 4.47. Ya pili, yenye uzito wa 235, nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 704, na risasi inayotoka kwayo ni ya uzito mwingine, haichanganyiki na ile ya kwanza. Ni saa mbili ndani ya punje moja, kila moja ikienda kivyake. Zikitoa umri mmoja, ni kama riwaya mbili zilizokuja kwa njia mbalimbali zikakutana kwenye maneno yale yale. Zikihitilafiana, mtafiti anajua kwamba punje ile ilipata dosari, pengine risasi ilivuja, pengine imechanganya mambo ya nyakati mbili, na haipokei mpaka aichunguze. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Hakuwapo mtu. Ilikuwapo zirkoni, na ushahidi wake hupimwa kabla ya kukubaliwa.

Ilimu hii imeigusa ardhi yetu tangu ilipokuwa changa. Katika pegmatiti za Uluguru, ambako Wajerumani walichimba ulanga, kulipatikana madini ya njano yaliyotokana na kubadilika kwa madini ya urani. Mwaka 1906 mkemia wa Berlin, Willy Marckwald, aliyaeleza na kuyapa jina la Ernest Rutherford, mmoja wa watu wa kwanza kupendekeza kwamba mgeuko wa urani waweza kuwa saa ya mawe. Hata leo madini hayo yanaitwa rutherfordini, na mahali pake pa asili katika vitabu vya madini vya dunia nzima ni Uluguru.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1911, kijana Mwingereza aitwaye Arthur Holmes, akiwa na umri wa miaka 21, alichapisha umri wa mwamba wa Norwei alioupima kwa njia ya urani na risasi: miaka milioni 370. Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini ili apate fedha. Hakupata mali. Alipata malaria kali hata habari zikatumwa kwao kwamba amefariki. Alipona, akarudi, na mwaka 1913 akatoa kitabu chake juu ya umri wa dunia. Baadaye sana, katika makala iliyochapwa mwaka 1951, alizitazama ramani za Afrika akaona kwamba miamba iliyokunjwa ya mashariki, kutoka Msumbiji kupitia Tanganyika na Kenya kwenda kaskazini, ni ukanda mmoja. Akauita Ukanda wa Msumbiji. Uluguru, Usambara, Pare na Taita zimo ndani yake.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililomfanya baba alitupilie mbali jiwe. Kitabu kimoja kinasema milioni 500, kingine milioni 640. Yupi mwongo?

Tuchukue mfano wa nyumbani tena. Fungua mkoba wa nyaraka wa mzee yeyote. Utakuta cheti cha kuzaliwa kina mwaka mmoja, cheti cha ndoa kina mwaka mwingine, na barua ya kustaafu ina mwaka wa tatu. Hakuna mwenye akili atakayesema nyaraka hizo zinapingana, kwa sababu kila moja inaeleza tukio lake. Kosa litakuwa la anayesoma mwaka bila kusoma kichwa cha waraka.

Mawe nayo yana mkoba wa nyaraka. Zirkoni huanza kuhesabu ikiwa bado katika joto kali mno. Hata joto la nyuzi 800 haliwezi kuifuta hesabu yake kwa urahisi. Ulanga una saa ya aina nyingine. Ndani yake mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa hewa iitwayo arigoni. Maadamu jiwe ni la moto, arigoni hutoroka, na saa haina cha kuhesabu. Katika ulanga mweusi, saa huanza kushika joto linaposhuka kukaribia nyuzi 300 tu. Kwa hiyo zirkoni yaweza kusema lini moto ulikuwa mkali, na ulanga ukasema lini jiwe lilipoa.

Watafiti wa mwanzo walipopima kwa wingi miamba ya Afrika, walitegemea zaidi saa ya potasiamu. Wakaona sehemu kubwa ya bara ikitoa tarehe zinazozunguka miaka milioni 500, na mwaka 1964 W. Q. Kennedy akalipa jina tukio hilo lililoenea bara zima. Kisha njia ya kupima zirkoni ikaendelea mpaka punje moja moja ikawezekana kupimwa. Mwaka 1994, Sospeter Muhongo, profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye wengi wanamfahamu zaidi kwa uwaziri wake wa nishati na madini, pamoja na mwenzake Lenoir, walichapisha tarehe za zirkoni za Uluguru, Pare na Usambara. Zilikuwa kubwa zaidi, kati ya miaka milioni 700 na 640 hivi. Watafiti wengine waliofuata wakapima madini mengine ya miamba hiyo hiyo na kuonyesha kwamba ilipoa polepole mno, nyuzi chache tu kwa kila miaka milioni.

Ukizisoma tarehe hizo pamoja, utaona kwamba hakuna kitabu kilichosema uongo. Milioni 640 ni habari ya moto mkali na mgandamizo. Milioni 500 ni habari ya kupoa. Na pengo lililo kati yake ni habari ya tatu, yenye thamani kuliko zote mbili: linatuambia mizizi ya milima ile ilikaa muda mrefu chini katika joto kabla ya ardhi iliyokuwa juu yake kuondolewa na kuiacha ipoe. Kama watafiti wangeitupa tarehe moja kwa sababu haikufanana na nyingine, wangeitupa na habari hiyo. Kosa la kitabu cha shule, kama kuna kosa, ni kuandika namba bila kuandika ni umri wa nini.

Na nyaraka haziishii hapo. Katika sehemu za magharibi za ukanda huu, watafiti wamekuta zirkoni ambazo kiini chake kina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na gamba la nje lina umri wa milioni mia sita na kitu. Punje moja, tarehe mbili. Kiini kilitoka katika miamba ya kale sana, jamii moja na ile inayoonekana Dodoma na kuendelea hadi karibu na Ziwa Victoria. Gamba liliota juu yake wakati wa kujengwa kwa milima, kama mti unavyoongeza duara juu ya duara. Mtu akiisaga punje yote na kuipima kwa pamoja, atapata umri wa katikati ambao hakuna tukio lolote lililotokea wakati huo. Ndiyo maana sasa punje hukatwa, hupigwa picha, na kupimwa doa moja moja kwa mwali mwembamba. Kuchanganya riwaya mbili huzaa habari ya tatu isiyokuwapo, na hilo wanazuoni wetu walilijua zamani.

Nini hasa kilitokea? Tarehe hizi, zikiunganishwa kutoka nchi hadi nchi, zimetoa picha ambayo inatuhusu kuliko tulivyodhani. Palikuwa na bahari kubwa, ambayo wataalamu wameiita Bahari ya Msumbiji. Si Bahari ya Hindi ya leo. Ni nyingine, iliyokwisha kutoweka. Ilikuwa ikifumba polepole. Upande wa kaskazini, ndani ya bahari hiyo, visiwa vya volkano vilizaliwa, vikagongana, vikashikamana. Upande wa kusini, ambako ndiko kwetu, mabara yenyewe yalikuja kugongana, na miamba ikasukumwa chini kilomita zaidi ya 30, ikaokwa na kukunjwa. Mwisho wake mabara yaliungana kuwa bara moja kubwa liitwalo Gondwana, Afrika ikiwa imeshikana na Bara Hindi, Madagaska na Antaktika. Mwaka 1994 mwanajiolojia Robert Stern aliueleza mkanda huo mzima kuwa ni safu moja ya milima ya kale ya Afrika Mashariki, inayoanzia Arabuni na kushuka hadi Msumbiji.

Arabuni, tunasema, na sehemu yenyewe ni Hijazi. Milima ya Makka, ile ambayo hujaji huiona akiwa njiani kwenda Mina na Arafa, ni ya sehemu ya kaskazini ya mkanda huu. Miamba yake mingi ni miamba moto iliyopenya, jamii ya graniti, na katika ngao yote ya Arabuni magharibi umri wa miamba ya namna hii huwa kati ya miaka milioni 900 na 550 hivi. Humo pia umo ushahidi wa saruji iliyo nzima: graniti zilizonyooka ambazo zimekata miamba iliyokunjwa, zikishuhudia kwamba ukunjaji ulikuwa umekwisha. Mawe ya Jabal Musa huko Sinai ni ya kundi hilo la mwisho, karibu miaka milioni 600. Wakati huo Bahari ya Shamu haikuwapo. Ilianza kupasuka takriban miaka milioni 30 tu iliyopita, ikaitenga Hijazi na Sudan na Misri. Kwa hiyo hujaji anayetoka Morogoro akakanyaga mawe ya Arafa, hajatoka nje ya safu ile ile ya milima. Amekwenda tu kutoka upande wake wa kusini hadi upande wa kaskazini.

Je, tuseme basi kwamba Uluguru tunaoutazama asubuhi una miaka milioni 640? Hapa baba wa kijana ana haki ya kushangaa, na kijana naye anatakiwa ajisahihishe. Milima iliyojengwa wakati ule haipo tena. Mvua, upepo na mito viliila mpaka mizizi ikabaki. Tunachokiona ni mizizi hiyo, iliyoinuliwa tena baadaye sana kwa mipasuko ya ardhi. Mawe ni ya kale. Kimo cha mlima ni cha baadaye. Anayesimama Pare akautazama Kilimanjaro anaona jambo hilo kwa uwazi. Chini ya miguu yake mna mawe yaliyookwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, na mbele yake kuna mlima mrefu kuliko yote Afrika, ambao ulianza kujengwa na volkano karibu miaka milioni 2.5 tu iliyopita. Urefu si umri. Ukiulizwa umri wa mlima, jibu la kwanza la mtu mwaminifu ni swali: umri wa nini? Wa mawe yake, wa kukunjwa kwake, wa kupoa kwake, au wa kuinuka kwake?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kizungu na hayana nafasi katika nyumba ya Muislamu. Kwa hao tunakumbusha tu kwamba Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Kitab al-Shifa kwamba milima hutokea ama kwa ardhi kuinuliwa, kama itokeavyo katika matetemeko, ama kwa maji na upepo kuchimba sehemu laini na kuacha sehemu ngumu, na kwamba mambo hayo huchukua muda mrefu. Sehemu hiyo ya kitabu ilipofasiriwa kwa Kilatini, Ulaya iliisoma kwa muda mrefu ikidhani ni maneno ya Aristotle. Al-Biruni naye, katika kitabu chake juu ya Bara Hindi, aliyatazama mawe ya mtoni, makubwa karibu na milima na madogo kadiri mto unavyokwenda mbali, akahitimisha kwamba tambarare ile ilikuwa bahari iliyojazwa na mchanga wa mito. Hawakuwa na zirkoni. Walikuwa na macho, na subira ya kuuliza.

Lakini tunawaonya pia wale wa upande wa pili, wanaokimbilia kuipachika kila namba ya maabara kwenye aya na kuita muujiza. Tarehe hizi hupimwa na watu na husahihishwa na watu. Iliyosemwa 1964 ilifafanuliwa upya 1994, na ya leo yaweza kufafanuliwa kesho. Kitabu cha Allah hakihitaji kubebeshwa namba ambayo mwakani itarekebishwa. Kimetutaka tutembee katika ardhi na tutazame. Basi na tutazame kwa uaminifu, tukisema tulichokiona na kuishia hapo.

Sasa, mama yetu, tukurudie wewe. Umeuliza kama umrudishie mwanao jiwe lake. Rai yetu ni kwamba usimrudishie kwa siri. Ukifanya hivyo utamfundisha kwamba ilimu ni jambo la kufichwa baba, na hilo litawaumiza wote wawili. Mwendee kwanza mumeo kwa upole, wakati ametulia, umwambie kwamba swali lake lilikuwa zuri na kwamba lina jibu. Usimwambie kwamba alikosea. Mwambie kwamba aliuliza kama wanavyouliza watu wa Hadithi, na kwamba mtoto alikosa tu mtu wa kumsaidia kujibu. Kisha umwombe yeye mwenyewe alitoe lile jiwe kabatini na kuliweka mezani.

Nasi tunampa baba swali moja la kuanzia. Amwombe kijana amwonyeshe kwa kidole mstari upi umekata upi. Wasitaje milioni yoyote kwanza. Wakishakubaliana juu ya kilichotangulia na kilichofuata, ndipo kijana alete vitabu vyake viwili, wavisome pamoja, na kwa kila namba waulize: ni umri wa nini? Palipo na jibu waandike. Pasipo na jibu kijana aende nalo kwa mwalimu wake wa jiografia.

Kama mstari mweupe nao umepinda mahali, watuandikie. Itakuwa na maana kwamba ardhi ilikuwa bado haijatulia.

Wabillahi tawfiq.